MEZA YA SONARA: Jiwe moja elfu kumi, vijiwe arobaini elfu sitini

Barua

Shikamoo mzee wa safu.

Mimi ni fundi wa kupachika vito. Nimekodi meza kwenye karakana ya pamoja hapa Kariakoo. Kazi zangu nyingi zinatoka kwa masonara wenye maduka: wao wanatengeneza pete au wanaagiza tupu kutoka nje, mimi naweka mawe. Wateja wanaokuja wenyewe ni wachache.

Shida yangu ni bei. Tangu nianze natoza 10,000 kwa jiwe, liwe kubwa au dogo. Mwenye jiwe moja analalamika kwamba ni ghali na kwamba jirani yangu anafanya kwa 7,000. Kazi ya vijiwe vingi ndiyo kabisa, hiyo bei haishikiki. Juzi nimeletewa pete ya vijiwe 40 vya milimita 1.5, tukaishia kukubaliana 60,000 ya jumla. Nimeikalia siku nzima na nikarudi nyumbani na macho mekundu. Sonara mmoja ananiambia ufundi unahesabiwa kwa gramu na kupachika kumo humo humo, kwa hiyo ananikatia kipande cha ufundi wake anavyoona yeye.

Halafu kuna hili la tanzanaiti. Nimepewa ovali ya milimita 8 kwa 6, uzito wa karati 1.3, niweke kwenye pete ya dhahabu ya karati 18 yenye kucha nne, vile vijino vya dhahabu vinavyoshika jiwe. Nilipofunga kucha ya tatu jiwe likapasuka pembeni. Mwenye duka anadai 850,000. Malipo yangu ya kazi ile yalikuwa 10,000. Hatukuandikiana chochote. Kwa miaka mitatu nimepachika tanzanaiti kama 300, na zilizonivunjikia ni mbili, pamoja na hii.

Gharama zangu za mwezi: meza 200,000, umeme 50,000, bari (vichwa vya kuchimbia vya mota), misasa, lakiri na vitu vya kuisha 90,000, simu na bando 25,000, leseni na kodi nikizigawa kwa mwezi 75,000. Nafanya kazi siku 24 kwa mwezi, na ningependa nibakiwe na 900,000 ya nyumbani. Nitoze vipi? Na hiyo 850,000 nilipe?

Fundi wa Kucha, Kariakoo

Jibu

Marahaba, fundi. Umefanya vizuri kuleta gharama zako zikiwa na tarakimu, maana wengi huuliza bei wakiwa mikono mitupu. Tuanze na meza. Tanzanaiti iliyopasuka itangoja kidogo, kwa sababu hata deni lake huwezi kulipima kabla hujajua dakika yako ina thamani gani.

Gharama ulizotaja zinafika 440,000. Umesahau kitu kimoja ambacho mafundi wote husahau: mota ya mkono itakufa, lenzi itadondoka, mzani utaanza kudanganya. Weka 60,000 kila mwezi kwa ajili ya vifaa vya kurithi vile vya sasa. Hapo ni 500,000. Ongeza 900,000 yako ya nyumbani, meza inatakiwa kuzalisha 1,400,000 kwa mwezi.

Siku 24 mara saa 8 ni saa 192, lakini saa hizo hazilipwi zote. Kupokea kazi, kubishana bei, kufuata bari dukani, kungoja umeme urudi, kumsubiri mtu aliyesema "nipo njiani", yote hayo yanakula siku bila kumwandikia mtu bili. Mpaka uwe na daftari lako mwenyewe, chukulia kwamba saa 5 tu kwa siku ndizo jiwe liko mkononi. Hizo ni saa 120 kwa mwezi. Gawa 1,400,000 kwa 120 unapata kama 11,670. Iite 12,000 kwa saa, yaani shilingi 200 kwa dakika.

Hiyo 200 ndiyo gharama ya dakika, faida haimo. Kwa kuwa mwezi mbaya utakuja, na kwa kuwa kuna kazi utairudia bure, weka asilimia 20 juu. Daftari nalo lianze kesho: kila kazi andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, aina ya jiwe, ukubwa, aina ya kupachika. Wiki mbili zinatosha kukuonyesha kama saa 5 ni za kweli au unajidanganya. Wengi wakijipima hukuta ni 4, na bei ya dakika inapanda hapo hapo.

Sasa pima jiwe moja la duara la milimita 6, kucha nne, kikombe (kile kiota cha pete kinachobeba jiwe) kimeshatengenezwa vizuri. Kulipima kwa kalipa na kulikagua kwa lenzi ya mara kumi, dakika 4. Kunyoosha kucha zisimame wima na kwa umbali sawa, 3. Kuchimba vikalio kwa bari, yaani mikato ya ndani ya kucha ambamo jiwe hukaa, 6. Kulaza jiwe na kulisawazisha, 4. Kufunga kucha, 5. Kukata vichwa vya kucha, kuviviringisha na kuving'arisha, 6. Kuosha na kukagua tena, 2. Jumla ni dakika 30, gharama 6,000, pamoja na faida 7,200. Jirani yako wa 7,000 si mlanguzi, yuko karibu kabisa na hesabu. Wewe wa 10,000 ndiye uliyekuwa unamtoza mwenye jiwe jepesi ili afidie hasara ya vijiwe arobaini, na mwenye jiwe jepesi amekusikia kwa miguu yake, akavuka barabara.

Tuje kwenye hao arobaini. Kabla hujataja bei ya kazi ya kujaza uso wa pete kwa vijiwe, uliza swali moja: matundu na vipele vya kushikia vimekuja na pete, au natengeneza mimi? Pete ya kumiminwa iliyokuja na matundu yake na vipele vyake, na vijiwe vimechambuliwa saizi moja, inakuchukua kama dakika 5 kwa kijiwe: unasafisha tundu, unalaza, unakandamiza vipele, unaviviringisha. Arobaini ni dakika 200, ongeza 40 za kupanga mwanzoni na kukagua mwishoni, jumla 240. Gharama ni 48,000, pamoja na faida 57,600. Kwa kazi ya namna hiyo 60,000 ni bei halali na usinung'unike.

Ila kama pete ilikuja na uso mtupu, mambo ni mengine kabisa. Hapo unachora mistari, unagawa nafasi ili vijiwe visiachane wala visigusane, unatoboa tundu la milimita 1, unapanua kwa bari ya 1.5 mpaka kiuno cha kijiwe, pale penye upana mkubwa kuliko pote, kizame chini kidogo ya uso, kisha kwa kalamu ya chuma unachonga na kuinua chembe za dhahabu kuzunguka kila kijiwe, unazikandamiza, unakata kingo ziwe safi. Mkono uliozoea utumie dakika 10 kwa kimoja. Arobaini ni dakika 400, kupanga 40, kumalizia 20. Dakika 460 mara 200 ni 92,000, na faida inafika 110,400, yaani 2,760 kwa kijiwe. Macho yako mekundu yanasema ilikuwa kazi ya namna hii. Umempa mwenye pete 32,000 kutoka mfukoni mwako, faida hata hatujaitaja.

Kwa hiyo bei ya "kwa jiwe" si mbaya yenyewe. Kosa ni kuwa na bei moja. Kucha nne kwa duara ni dakika 30. Jiwe la mraba lenye pembe kali, ambalo kila kona inataka kucha yenye mfuo wa V, ni 50, kwa sababu kona isipoachiwa hewa kidogo chini yake itameguka, hata ikiwa almasi. Kuzamisha kijiwe cha milimita 2 sawa na uso wa pete ni kama 15. Ukuta wa kuzungusha jiwe, ule wa bezeli, unaohesabiwa kupachika tu ni 30, lakini ukiutengeneza kuanzia ukanda, kuupima, kuulehemu na kuukalisha, ongeza saa nzima au zaidi, na iandike kama kazi ya pili. Hizi ni za kuanzia. Daftari lako lizibadilishe.

Hapa kuna jambo linalowala mafundi wa Tanzania kuliko wenzao wa nje. Vikombe vinavyoagizwa vimetengenezwa kwa saizi za kiwandani: 6 kwa 4, 7 kwa 5, 8 kwa 6, 9 kwa 7. Mawe yetu mengi hukatwa ili uzito usipotee. Mkataji analipwa kwa karati, kwa hiyo anaacha tumbo la jiwe, sehemu iliyo chini ya kiuno, limevimba, kiuno kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na urefu wa 8.3 kwa 5.8. Jiwe hilo halikai kwenye kikombe cha 8 kwa 6. Tumbo linagusa ukingo wa ndani kabla kiuno hakijafika kwenye kikalio, na fundi asiyeangalia huendelea kubana kucha huku jiwe likiwa limeegemea tumbo. Likipona ni bahati. Hapo inabidi uchimbe kikombe kwa ndani, uchimbe kila kikalio kwa kimo chake, na pengine uirefushe kucha moja. Dakika 20 hadi 40 za ziada, yaani 4,000 hadi 8,000 kabla ya faida. Pima jiwe mbele ya mteja, mwonyeshe kalipa, mwambie bei hiyo hapo hapo. Ukiitaja baada ya kazi inaitwa uchoyo.

Chuma nacho kina neno lake. Karati 21 na 22, ambazo watu wa mjini hapa wanazipenda, zina dhahabu asilimia 87.5 na 91.6, ni laini. Ukuta wa bezeli unalala kwa raha juu ya jiwe, lakini kucha nyembamba za karati 22 hufunguka zikinaswa na uzi wa khanga. Mteja akitaka kucha kwa karati 22, kucha ziwe nene na idadi iongezwe ziwe sita, na dakika ziongezwe pia. Karati 18, asilimia 75, ndiyo rafiki wa kucha. Dhahabu nyeupe inarudi nyuma kama springi: unaikandamiza, ukiachia inanyanyuka, na fundi anazidisha nguvu. Mawe mengi huvunjikia hapo.

Tanzanaiti sasa. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachoishia 10 ya almasi, ni 6 hadi 7, na ina upande mmoja wa ndani ambao ikipigwa au ikibanwa vibaya hupasuka bapa kama kuni iliyokauka. Hayo mawili ni vitu tofauti. Tsavoraiti, ile ganeti ya kijani, ni ngumu kidogo tu kuliko hiyo, 7 hadi 7.5, lakini haina mpasuko wa namna hiyo, kwa hiyo inasamehe. Spineli ya Mahenge ni 8, inasamehe zaidi. Rubi ni 9, ukiiogopa wewe basi unaogopa bei yake tu. Zumaridi iko kati ya 7.5 na 8, ila nyufa zake hujazwa mafuta tangu huko ilikotoka, na kuitia joto au kuiosha kwa mashine ya mtikisiko ni kuyatoa. Tanzanaiti pia usiiweke kwenye mashine hiyo wala kwenye mvuke: maji vuguvugu, sabuni, brashi laini, basi. Tupa ya chuma inaweza kuikwaruza. Msasa wa kawaida una chembe ngumu hata kuliko spineli, kwa hiyo unapomalizia vichwa vya kucha funika uso wa jiwe kwa utepe na tumia tupa yenye ubavu usio na meno.

Moto usiisogelee. Mtu akileta pete yenye tanzanaiti ipanuliwe saizi moja, jiwe linatoka kwanza, pete inalehemiwa, jiwe linarudi. Kutoa ni dakika 15, kurudisha ni bei kamili ya kupachika. Watu hukasirika wakisikia hivyo kwa "kazi ya kupanua tu". Wakasirike. Na kwa kuwa tumefika kwenye moto: rubi na safaya huvumilia joto, lakini boraksi au asidi ya boriki ikiungua juu yake hula uso wa jiwe. Rubi za bei rahisi zilizojazwa kioo haziwezi moto wala tindikali ya kusafishia. Kama hujui ni ipi, itoe.

Tanzanaiti ya ovali, kwa tahadhari zote hizo, inachukua kama dakika 55 badala ya 35 za ovali ya kawaida. Gharama ni 11,000, pamoja na faida 13,200. Hiyo ni bei ya mkono wako. Hatari ya jiwe haimo humo, na ndipo ulipokosea: uliuza mkono kwa 10,000, ukabeba jiwe la 850,000 bure.

Hatari nayo ina hesabu, na wewe umeshaileta bila kujua. Mbili kwa 300. Jiwe la 850,000 mara 2, gawa kwa 300, unapata 5,667. Kwa hiyo mwenye tanzanaiti ya bei hiyo awekewe bei mbili mbele yake: 13,200 jiwe likiwa juu yake mwenyewe, au 19,000 likiwa juu yako. Achague, aandike. Ile tofauti ya karibu 6,000 usiile. Ni ya kibubu, na kibubu kisivunjwe kwa sababu ya Idi. Kwa mawe 300 kinajaza 1,800,000, na kwa bahati yako ya mpaka sasa kingelipa mawe mawili na chenji kidogo. Tatizo ni kwamba jiwe la kwanza kuvunjika halitangoja kibubu kijae. Kwa hiyo weka kikomo: leo huna kitu kibubuni, basi usibebe jiwe la zaidi ya 200,000. Kibubu kikifika 800,000, kikomo kiwe 800,000. Juu ya kikomo jiwe linabaki juu ya mwenyewe, hata akikupa donge nono. Mwenye jiwe la milioni nne akikataa masharti hayo, mwelekeze kwa fundi mwenye kibubu kikubwa zaidi. Si aibu.

Mapokezi yanaokoa zaidi ya kibubu. Kitabu cha nakala mbili cha dukani kinatosha. Andika urefu, upana na kina kwa milimita, uzito kwa karati mpaka nukta mbili (gramu moja ni karati 5, mzani wa kawaida wa dhahabu haufai kwa hili), rangi, kila ufa na mmeguko unaouona kwa lenzi ukitaja ni saa ngapi ukilitazama jiwe kama saa ya ukutani, thamani anayoitaja mteja, na ni nani anabeba hatari. Piga picha kupitia lenzi, uso na tumbo. Usiandike "tanzanaiti". Andika "jiwe la bluu ya zambarau, mwenyewe anasema ni tanzanaiti". Kuna vioo na mawe ya kutengenezwa yanayofanana nayo sana, na ukishaandika jina bila kipimo umekubali deni la jina hilo. Mteja akiona unaandika hivyo hukunja uso kidogo, kisha hukuamini zaidi.

Hili la gramu. Sonara anayehesabu ufundi kwa gramu ana haki kwenye kazi ya dhahabu tupu, kwa sababu bangili nzito kweli inamla muda na dhahabu. Kwenye kupachika gramu haisemi lolote. Pete ya gramu 4 yenye jiwe moja ni dakika 30 na pete ya gramu 4 yenye vijiwe 40 ni dakika 460, na kwa hesabu yake wewe unalipwa sawa. Usibishane naye kuhusu gramu zake, mwache atoze mteja wake anavyotaka. Wewe mpe karatasi ya bei yako, aiongeze juu. Akikuletea mawe 10 au zaidi ya aina moja, yamechambuliwa, vikombe vimenyooshwa, na analipa siku ya kuchukua, mpunguzie asilimia 10, kwa kuwa amekuokolea dakika za mapokezi. Akiwa mtu wa "nitakutumia jioni", hiyo punguzo hana. Kazi ya leo kwa leo, hasa wiki ya mwisho ya Ramadhani na msimu wa harusi, ongeza asilimia 30 hadi 50, maana kuna pete ya mtu mwingine umeisukuma.

Na unga wa dhahabu. Ukichimba vikalio na kukata kucha, dhahabu ya mwenyewe inabaki kwenye meza yako. Mzani wa kusoma gramu 0.01: pima pete tupu, pima mawe, pima pete iliyokamilika, andika zote tatu. Kagua tofauti na mwenye pete. Ama umrudishie unga wake, umeshatolewa vipande vya chuma kwa sumaku, ama muandikiane kwamba unga ni sehemu ya malipo na bei ishuke kwa kiasi hicho. Mafundi wengi wanauchukua kimya kimya na masonara wengi wanajua, halafu ndiyo maana wanakandamiza bei. Ukiuweka mezani, una kauli ya kudai bei kamili.

Sasa 850,000. Kabla ya kulipa hata shilingi, chukua lenzi uangalie mahali palipopasuka. Uso wa mpasuko ukiwa msafi na unang'aa, ni wa siku ile. Ukiona ndani yake uchafu, doa la kahawia au mafuta yaliyoingia, ufa ulikuwepo kabla hujaligusa, na hilo mwenye duka alione kwa jicho lake. Kisha muulize kwa upole alilinunua kwa kiasi gani kwa karati. Sonara hununua kwa bei ya jumla, na mara nyingi kinachotajwa kwenye ugomvi ni bei ya kuuzia. Fidia ya haki ni gharama ya kupata jiwe jingine kama lile, faida yake isiwemo.

Tatu, jiwe halijafa. Kama mpasuko uko pembeni kama unavyosema, mkataji anaweza kulikata upya likawa ovali ndogo zaidi, pengine 7 kwa 5. Ovali ya 7 kwa 5 huwa karibu karati 0.8 hadi 0.9. Toa thamani yake kwenye deni. Kinachobaki, kwa kuwa hamkuandikiana na kwa kuwa naye alikukabidhi jiwe la bei hiyo kwa kazi ya 10,000 akijua, ninyi wawili mgawane nusu kwa nusu. Pendekeza kulipa nusu yako kwa kazi, kwa bei mpya na si ya zamani, mpaka iishe. Nenda na mtu mzima mmoja wa karakana mnayemheshimu wote, aongee yeye kwanza.

Mwisho, kuhusu kucha ya tatu. Jiwe likipasuka kwenye kucha ya tatu, mara nyingi kosa lilifanyika kwenye kikalio. Vikalio vikiwa vimepishana kimo hata kwa unene wa karatasi, jiwe linakaa kama stuli ya miguu mibovu. Kucha mbili za kwanza zinalishika likiwa limeinama, ya tatu inapobana inageuka wenzo. Funga kucha kwa jozi zinazotazamana, kidogo kidogo, ukirudi mara mbili au tatu, na kabla ya kufunga ya kwanza bonyeza jiwe kwa kijiti cha mbao kila upande: likicheza hata kidogo, litoe, rudia kikalio. Bari isile zaidi ya theluthi moja ya unene wa kucha, ikipita nusu kucha itakatikia hapo. Angalia vikalio vya pete hiyo kabla hujaweka jiwe jingine ndani yake. Na kumbuka jiwe likikatwa upya kikombe cha 8 kwa 6 kitakuwa kikubwa kwake, kwa hiyo kikombe kipya na dakika kama 45 za kukilehemu viingizwe kwenye mazungumzo ya leo, msije mkavianza upya wiki ijayo.